Nadhiri Aliyowekewa Edelmira

Copiapó, Jumapili, 24 Novemba 1991

Mzee wangu Belarmino,

Nilifika salama, leo ni siku ya kumi. Mtu akikwambia kukaa ndani ya basi saa ishirini ni mchezo, mwambie ajaribu akiwa amekaa mbele ya mama mwenye jogoo. Miguu ilivimba lakini moyo uko mahali pake.

Huku ni jangwa tupu, halafu ghafla, katikati ya mchanga, mizabibu ya kijani mpaka macho yachoke. Tunalala kumi na wawili chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, kila mmoja katoka pembe yake ya kusini. Aliye juu yangu ni mwanamke wa Parral, anakoroma kama mashine yako ya kupasulia mbao. Nikifumba macho najiona niko nyumbani.

Kazi yenyewe nikueleze. Tunasimama mezani, mistari miwili. Wasichana wenye mikasi wanatoa zabibu zilizopasuka au kuoza kwenye vichala. Sisi wafungashaji tunavipanga vichala ndani ya boksi, vikonyo juu, karatasi chini, mpaka mizani iseme kilo nane na kidogo. Kisha unagonga namba yako ubavuni mwa boksi. Namba yangu ni 214. Boksi likifika huko ng'ambo wakilikuta limeharibika, wanajua ni la nani. Sisi tunalipwa kwa boksi. Wanaume wanaobeba wanalipwa kwa siku.

Malipo si mabaya, hundi ya posta iko humu ndani. Yanatosha.

Sasa nisikilize. Maharage yaloweke usiku, usiniletee habari za kuyaloweka asubuhi. Chumvi mwishoni. Gladys wetu mdogo hali kitunguu akikiona, kwa hiyo kikate kidogo kidogo asikione. Mama yako asibebe maji. Na cheti cha shule cha Maritza kakichukue kabla ya tarehe kumi na tano Desemba, maana bila hicho shule ya bweni ya Cauquenes haimpokei mwezi wa tatu, nawe unajua ndiyo iliyonileta huku. Kuumua unga, mwombe mama akuonyeshe. Wala si aibu.

Wabusu wanangu, na mama mkono nampa.

Edelmira wako


Los Quillayes, 2 Desemba 1991

Mke wangu Edelmira,

Barua yako imefika Ijumaa, na hundi ya posta pamoja. Huku shwari kabisa. Maharage ni kazi ya mtoto mdogo, sijui ninyi wanawake huwa mnalalamikia nini. Nyumba inang'aa. Kiwandani bado ni siku tatu kwa wiki, mkubwa anasema baada ya mwaka mpya tutaona. Cheti cha Maritza nimekwisha kukichukua, yupo wa pili darasani.

Kuna jambo dogo. Dogo tu, usipandishe pumzi.

Ulipoondoka tu, Bi Otilia wa ng'ambo ya barabara akanidaka pale tunapocheza mchezo wa kutupa vyuma, Jumapili, wenzangu wote wapo na mwenyekiti wa mtaa Baldomero yupo. Akapaza sauti: “Belarmino, mkeo kaenda wapi na begi?” Watu wakageuka kusikiliza. Ningesema nini? Niseme mke wangu kaenda kufanya kibarua na mimi nimebaki na kuku? Nikasema umekwenda kaskazini kuondoa nadhiri kwa Bikira wa Andacollo, kwa vile Gladys alipona kifua. Kaskazini ni kaskazini, nikaona haina madhara.

Kumbe! Sasa kila mtu ana shida yake na anailetea kwangu. Bi Otilia anataka umwombee goti la kushoto, na mshumaa uwe wa nta ya kweli. Fermín anaomba ng'ombe wake ashike mimba. Mwalimu wa Gladys anaomba mume, asiwe mlevi, akipatikana mrefu ni vizuri zaidi. Baldomero anaomba achaguliwe tena uenyekiti. Nimeziandika zote kwenye karatasi, nakutumia ndani.

Nilikuwa nafikiri, sikukuu ya Andacollo si tarehe 26? Ungechepuka siku moja tu. Si mbali na hapo ulipo, nadhani.

Na nikuulize. Ile hundi ni ya mwezi mzima, au vipi? Maana karani wa posta aliisoma mara mbili, kisha akaniangalia.

Mumeo,
Belarmino


Los Quillayes, 4 Desemba 1991

Mkwe wangu mpenzi Edelmira,

Mimi ni mama mkwe wako Zunilda, anayeshika kalamu ni Maritza, kwa kuwa mimi kalamu sikuipata na macho yameniacha. Baba yake hajui kama tunaandika. Yuko uani, anapigana na mashuka.

(Bibi anasema niandike kila neno kama anavyolisema. — Maritza)

Usimwamini mwanangu hata sentensi moja. Maharage ya kwanza yaliungua mpaka sufuria tukaitupa. Ya pili yalikuwa mawe. Gladys alitafuna moja akaliweka mfukoni, anasema ni la kuchezea. Lakini ya juzi, mwanangu, nisimwonee, ya juzi yalilika. Mkate bado. Mkate wake ukimpiga nao mbwa, mbwa anakufa.

Kufua anafulia ndani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, kwa joto hili! Eti watu wasimwone. Kuanika anamtuma Maritza. Na aproni yako anaivaa. Mtu akibisha hodi anaivua, anaikalia. Jana Baldomero alikuja, akakaa saa nzima, na mwanangu kakaa juu ya aproni yenye unga. Aliponyanyuka kumsindikiza, makalio meupe.

(Nilicheka nikajificha chini ya meza. — Maritza)

Habari ya nadhiri umeshaisikia. Mimi nilikasirika, kisha nikaona niitumie. Nimewaambia majirani kwamba nyumba iliyotuma mtu kuondoa nadhiri hainywi divai mpaka mtu huyo arudi. Sheria hiyo nimeitunga mwenyewe nikiwa namenya viazi. Majirani wameipokea kama Injili. Kila akipita kwa Fermín anapewa maji.

Sasa la kweli. Hundi yako kaipokea, kanunua unga na mafuta na viatu vya Gladys, iliyobaki kaiweka kwenye kopo, halafu akakaa analitazama kopo. Hesabu sikusoma lakini naijua. Unapata kwa wiki kile ambacho yeye anahangaikia mwezi, sivyo? Usimfiche sana. Kitu kilichofichwa hukua.

Nikwambie nisilowahi kumwambia mtu. Nimefinyanga vyungu miaka arobaini. Udongo nauchota mimi, nachoma mimi, mikono iliyopasuka ni yangu. Marehemu Eulogio alivipanga kwenye mkokoteni, akaenda kuviuza Cauquenes, akarudi na pesa mfukoni mwake. Kijiji kizima kikasema vyungu vya Eulogio. Hata mimi nilisema hivyo. Alipokufa walikuja kunipa pole, wakaniuliza, maskini, sasa vyungu atatengeneza nani?

Fanya kazi, mwanangu. Kula vizuri.

Mama yako,
Zunilda


Copiapó, 10 Desemba 1991

Belarmino,

Nadhiri! Mimi! Mwanamume, umenitafutia deni kwa Bikira bila hata kuniuliza! Ningekuwa karibu ningekutwanga na mwiko, ule mkubwa.

Andacollo “si mbali”. Ni saa sita au saba za basi, kisha ni kupanda mlima na umati wa watu. Na tarehe 26 ndiyo siku zabibu zinapomiminika kuliko siku zote za mwaka, mtu haendi hata chooni. Karatasi yako ya maombi nimeipeleka Jumapili kwa Bikira wa hapa Copiapó, nikamsomea yote, na ng'ombe wa Fermín nikamtaja. Mshumaa wa Bi Otilia ni wa nta ya kweli. Nikamwambia, Mama, hawa wanadhani niko kwingine, nisamehe, na mume wangu umsamehe baadaye kidogo.

Sasa kaa kitako.

Wamenichagua niwe mkaguzi wa mstari. Wafungashaji thelathini na wawili, mimi ndiye nitakayefungua maboksi yao, nitazame, niseme hili liende, hili lirudi. Nilisema boksi moja limelala vibaya hata kabla ya mizani, msimamizi akasimama akaniuliza umejuaje. Nikamwambia, nimepanga mayai sokoni tangu nina miaka tisa. Kazi inakwenda mpaka tarehe ishirini Januari hapa, kisha wanatuhamishia mabonde ya huko chini mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Mshahara wa mwezi, boksi liwepo lisiwepo.

Umeniuliza kuhusu hundi, nami barua ya kwanza nilikuficha. Nilikuwa naogopa, basi. Ile ilikuwa ya siku tisa. Na kwa kazi hii mpya, kwa mwezi nitapata kile unachopata wewe kwa miezi mitatu. Nimeiandika. Sasa umejua, nami nimepumua.

Ila kuna kikwazo. Mkubwa wa banda hili ana sheria yake. Mke wa mtu hapewi kazi hii mpaka alete barua ya mumewe ya kumruhusu, imepigwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa wake. Anasema mwaka jana mume wa mmoja alikuja getini akavunja kioo cha lori. Barua inatakiwa iwe mezani kwake Jumamosi tarehe 4 Januari. Isipofika, kazi anapewa mwingine, naye amekwisha kunionyesha.

Ni mistari miwili tu, mzee wangu. Maritza ataingia bweni na sare mpya, na godoro lake mwenyewe.

Edelmira


Los Quillayes, 16 Desemba 1991

Edelmira,

Barua nimeisoma.

Miezi mitatu. Sawa.

Muhuri anao Baldomero. Nikimpelekea barua hiyo asubuhi, mchana mbwa wote wa Los Quillayes wanajua kwamba hukwenda Andacollo, kwamba mimi ni mwongo, na kwamba nyumba yangu inaendeshwa na mwanamke aliye mbali kilomita elfu. Kiwandani wapo wanaosema mwanamume anayelishwa na mkewe avae aproni. Wataniita Bwana Edelmira. Wewe hutakuwepo kuyasikia, nitakuwepo mimi.

Sikukatazi. Lakini nilikuoa nikuweke, si nikupeleke jangwani ukasimame siku nzima. Baba yangu alimlisha mama yangu kwa vyungu vyake, hakuwahi kumwacha atoke.

Njoo Krismasi. Tutajibana kama siku zote. Maritza anaweza kungoja mwaka mmoja, bado mdogo.

Hapa hakuna divai. Mama kanifungia.

Belarmino


Copiapó, 21 Desemba 1991

Belarmino,

Siji Krismasi.

Nimelia, nakwambia ili usidhani nina roho ya jiwe. Nimelia kitandani mpaka yule wa Parral akaacha kukoroma, akashuka akanikumbatia. Kisha nimenawa uso nikaenda kazini. Na leo nakuandikia nikiwa nimetulia, kwa hiyo isome polepole.

Vyungu vya baba yako? Muulize mama nani alivifinyanga. Muulize, ngoja akujibu.

Hulishwi na mtu. Wewe unawalisha wanangu kila siku kwa mikono yako, na mimi huku ndipo ninapoweza kusimama kwa amani. Ningejua wana njaa, ningepanga boksi gani likae sawa? Sasa wewe kazi hiyo unaiona ni aibu. Basi miaka kumi na miwili niliyoifanya mimi ulikuwa unanionea aibu?

Namba yangu hugongwa kwenye kila boksi. Mara ya kwanza nilipoiona kwenye lori, maboksi yamepangana mpaka juu, 214, 214, 214, nilisimama hapo nikasahau kwenda kula. Tangu nizaliwe sijawahi kufanya kitu kikaenda mahali na alama yangu. Natamani ungeona. Nilikutafuta kwa macho, mjinga mimi, kana kwamba upo pale nikuonyeshe.

Sikubembelezi. Barua isipofika tarehe 4, nitamaliza msimu kama mfungashaji, nitarudi, na sitaligusa tena neno hili maishani. Lakini Maritza hangoji mwaka. Mimi niliambiwa ningoje mwaka mmoja nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Huo mwaka haujaisha mpaka leo.

Krismasi njema. Mpe Gladys mwanasesere aliye chini ya kabati, nilimshona kabla sijaondoka.

Edelmira


Los Quillayes, 29 Desemba 1991

Mkwe wangu Edelmira,

Ni mimi Zunilda, na Maritza na kalamu yake. Kaa mahali ambapo ukianguka kwa kicheko hutaumia.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mwanangu akaenda kuisomea kwenye banda la kuku, akakaa huko mpaka kuku wakatoka wenyewe. Aliporudi akanisimamia mbele. “Mama, vile vyungu alifinyanga nani?” Nikamwambia, mimi. “Vyote?” Vyote. “Na baba?” Baba yako alikuwa na sauti nzuri ya kuuzia. Akavuta kiti akaketi. Akanishika mikono, akaigeuzageuza, akaitazama hivi, kwa muda mrefu. Miaka thelathini na minane ninaye, hajawahi kuitazama.

(Na mimi nilimuuliza, Baba, ningoje mwaka? Alinitengenezea mkate na sukari. Siku hizi mkate wake unalika. — Maritza)

Sasa jana. Otilia alipiga hesabu yake: sikukuu ya Andacollo imekwisha tarehe 26, kwa hiyo mwenye nadhiri atashuka kwenye basi la Jumamosi. Bila kutuambia akakusanya kijiji. Tumetoka nje tunakuta watu barabarani, maua, gitaa la Fermín, trei mbili za empanada zilizojazwa nyama, mwalimu wa Gladys kavaa kiatu cha kisigino, na Baldomero kashika karatasi ya hotuba. Wanakuja kumchukua mwanangu akampokee mkewe! Ilibidi avae koti la harusi yenu. Halifungi tena. Njia nzima alikuwa ananong'ona, “Mama, nife sasa hivi.” Nikamwambia, ukifa utaniachia aibu hii peke yangu, tembea.

Basi likaja. Gitaa likalia. Akashuka mtawa, wakampigia makofi kwa makosa. Akashuka mchuuzi wa masufuria. Mlango ukafungwa, basi likaondoka. Gitaa likafa kidogo kidogo. Otilia akasema, “Labda kalala kwa Bikira siku moja zaidi.” Watu wakaanza kukubali! Walikuwa wamempa njia ya kutokea, Edelmira, pana kama mlango wa kanisa. Angesema ndiyo tu, tukarudi kula empanada.

Mwanangu akapanda juu ya jiwe la kituo. Maneno yake nayakumbuka yote.

“Jamani, mke wangu hakwenda Andacollo. Hana nadhiri. Nadhiri niliiweka mimi kwa mdomo wangu, kwa sababu niliona haya. Yuko Copiapó anafungasha zabibu. Anafanya kazi nzuri mpaka wanataka kumpa ukubwa, na kwa mwezi atapata ninachopata mimi kwa miezi mitatu. Viatu vya mtoto huyu kanunua yeye. Unga wa nyumbani kwangu ni wake. Mimi nafua, napika, na mkate wangu mmeula kwa Bi Otilia Jumanne mkausifu mkidhani ni wa mama.”

Fermín, unamjua, hawezi kukaa na neno mdomoni, akacheka: “Kumbe Belarmino unalishwa!”

Mwanangu akamtazama. “Nalishwa, tena nashiba. Wewe je?”

Mwenzangu! Fermín alikunja mdomo kama mfuko. Maana kila mtu pale anajua nyumba ya Fermín wanakula dengu na maji. Na kabla mtu hajasema jingine, Otilia akasogea mbele, maua bado mkononi. “Belarmino, huko wanataka watu wengine?” Mke wa Fermín akauliza papo hapo, “Nauli ni kiasi gani?” Fermín akasema, “Wewe unaenda wapi?” Akajibiwa, “Kuondoa nadhiri.” Hapo ndipo watu walipocheka, wakacheka mpaka mtawa akaja kuuliza kuna nini.

Si kwamba wote wamefurahi. Wawili watatu waliondoka na empanada zao bila kuaga. Otilia mwenyewe kamwambia usoni kwamba kudanganya kwa jina la Bikira ni dhambi na lazima aungame, na jana hiyo hiyo jioni kaungama, padri kampa rozari tano na kumtaka amweleze jinsi anavyopika mkate. Baldomero alichukia kwa ajili ya hotuba yake. Lakini muhuri kagonga. Alitaka kwanza aisome barua, mwanangu akafunika kwa kiganja akamwachia sehemu ya muhuri tu. Ameiandika asubuhi nzima, mlango wazi, aproni kiunoni. Hakunionyesha wala hakumwonyesha Maritza. Kwa hiyo imeandikwa nini sijui. Bahasha zote mbili atapewa dereva wa basi la leo, kamwapia mwanangu kwamba ataziweka mkononi mwako mwenyewe.

Nasi usiku wa jana tulifungua divai. Sheria niliitunga mimi, nimeifuta mimi.

Mama yako,
Zunilda


Los Quillayes, 29 Desemba 1991

Kwa Bwana Mkubwa wa banda la kufungashia zabibu,
Copiapó

Bwana,

Mimi, Belarmino Sepúlveda Yáñez, miaka thelathini na minane, mpasuaji mbao, mkazi wa Los Quillayes, nimeambiwa niandike kwamba namruhusu mke wangu, Edelmira Carvajal Riffo, afanye kazi ya ukaguzi katika banda lako.

Nimekaa na karatasi tangu asubuhi na nimeharibu tatu. Neno hilo halitoki. Mtu hutoa ruhusa ya kitu chake. Nikikuomba shoka lako utaniruhusu au utaninyima, kwa kuwa shoka ni lako. Macho yanayojua boksi limekaa vibaya kabla ya mizani si yangu. Mimi nimelala naye nyumba moja miaka kumi na miwili na sikujua kwamba anayo, mmejua ninyi kwa wiki tatu.

Halafu nikawaza jambo jingine. Miaka hiyo yote alipokuwa akinifulia na kunipikia na kuchota maji, na mama yangu juu yake, hakuna mtu aliyewahi kuja kuniomba barua ya kumruhusu. Hakuna aliyeuliza kama amechoka. Mimi pia sikuuliza, na hilo si lako, bwana, ni langu na yeye.

Kwa hiyo ruhusa sina. Nilicho nacho ni ushuhuda, nao nautia sahihi: ni mwaminifu, ana akili, hachelewi, na akisema boksi lirudi, lirudisheni.

Nasikia mwaka jana kuna mume aliyekuja kuvunja kioo getini. Mimi sitakuja. Nina mabinti wawili, kuku kumi na mmoja, mama mzee, na sasa hivi nina maharage motoni. Mkinitaka, nipo nyumbani.

Muhuri wa mwenyekiti uko hapo chini. Amegonga mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia.

Belarmino Sepúlveda Yáñez


Copiapó, Jumapili, 5 Januari 1992

Mzee wangu,

Dereva alinikabidhi bahasha Jumatano nikiwa na kichala mkononi. Ya mama nilisoma kwanza, nikacheka mpaka msimamizi akadhani nimeugua. Yako ilikuwa imefungwa, imeandikwa jina la mkubwa, nikailalia siku tatu chini ya mto; nilijua umesema mbele za watu lakini sikujua umeandika nini.

Jana nimeipeleka. Mkubwa kavaa miwani, kasoma, karudia. Uso ukawa kama uji unaochemka. “Mama, hii si ruhusa. Huyu anasema hana ruhusa ya kutoa.” Nikasema, ndivyo alivyoandika. Nikashika ukingo wa meza. Karani wake, mama mmoja mfupi ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya habari za asubuhi, akanyoosha mkono akaichukua, akaisoma yeye. Akaisoma tena kwa sauti, kuanzia kwenye shoka, na mlango ulikuwa wazi na meza zote zikasikia. Alipofika kwenye maharage motoni, mashine za mizani zilikuwa zimesimama. Mkubwa akasema, “Lakini si ruhusa.” Karani akamwambia, “Sheria yako inataka barua ya mume na muhuri. Barua hii hapa, muhuri huu hapa, tena miwili,” akaitia kwenye faili akafunga droo.

Nimeanza leo, zabibu hazijui Jumapili. Nimevaa koti jeupe. Nimerudisha maboksi kumi na manne, na mawili yalikuwa ya yule wa Parral, kaninunia mpaka chakula cha mchana.

Bi Otilia na mke wa Fermín wamenitumia salamu kwa dereva kwamba wanakuja wiki ijayo, nimewawekea nafasi kwenye meza ya mikasi. Mwambie Otilia kazi ni ya kusimama, goti alifunge.

Belarmino wangu, nilipokuwa mezani kwa mkubwa na ile barua inasomwa, nilikuwa nimeinamisha kichwa, si kwa haya. Sikutaka watu wanione nilivyokuwa nakupenda.

Nilipotoka leo nimekuta wanawake wamemwomba karani awape barua wainakili, na wamebandika nakala ukutani pale tunapokulia chakula. Kila anayeisoma ananijia na swali lile lile: “Huyu mume wako hana ndugu wa kiume?”

Nimewajibu kwamba ndugu hana, ila ana mama mfinyanzi.

Edelmira wako